Ng'ombe wa Jirani, Mtoto wa Barazani

Aprili inapokaribia, kuna habari ambayo sisi wa magharibi mwa Rwanda tumeizoea vibaya. Mtu kaamka alfajiri kwenda kukamua, akamkuta ng'ombe wake kalala chini, miguu imekatwa kwa panga. Nyama haikuchukuliwa. Redio inasema wahusika wanatafutwa, na mtaani watu wanagawanyika. Wako wanaolaani, na wako wanaouliza: kelele zote hizi za nini kwa ajili ya mnyama, ilhali binadamu wanalala nje?

Swali hilo linanikera kwa sababu limevaa joho la huruma. Anayeliuliza, mara nyingi, huyo binadamu wa nje hajampelekea hata mkeka.

Isitoshe, kwetu ng'ombe hakatwi kwa kosa lake. Anakatwa kwa sababu ya mwenye ng'ombe. Mwaka 1959 nyumba za Watutsi zilichomwa, ng'ombe wao wakachinjwa na kuliwa, na walionusurika wakakimbilia Kongo, Uganda, Burundi na Tanganyika. Mapema mwaka 1991 Wabagogwe, Watutsi wafugaji wa huku kwetu Gisenyi na Ruhengeri, waliuawa kwa mamia, na mifugo yao ikaporwa. Miaka mitatu baadaye, katika mauaji ya kimbari ya Aprili 1994, ikawa nchi nzima. Zizi, paa na mtu viliandamwa na mikono ileile, pengine siku moja. Kwa hiyo manusura anayekuta ng'ombe wake kakatwa wiki ya kuomboleza mauaji hayo hahitaji kuelezwa maana yake. Na ikiwa ng'ombe huyo alitolewa na mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006 na hadi sasa umegawa ng'ombe zaidi ya 400,000, hasara haiishii kwake. Kwa utaratibu wa mpango huo, ndama wake jike wa kwanza alikuwa wa jirani maskini anayesubiri zamu. Panga moja limekata familia mbili.

Ukatili mwingine hauna chuki ndani yake, na huenda ndiyo sababu hatuuoni. Nenda mpakani Petite Barrière asubuhi, uwatazame kuku wanaovushwa kwenda Goma: wamefungwa miguu kwa mafungu, vichwa vinaning'inia chini. Niliwahi kumwuliza mama mmoja mchuuzi kama hawezi kuwabeba kwenye tenga. Akacheka mpaka akatua mzigo. "Mzee, kuku wa kuchinjwa jioni unamhurumia kichwa?" Sikuwa na jibu la kumtosha, maana tenga linakula nafasi, na nafasi ni pesa, naye ana watoto wa kulisha. Lakini kuku pia ana siku yake moja ya mwisho, na sioni kwa nini aimalize akiwa kichwa chini.

Tukitaka, tunaweza kubadilika. Korongo wenye taji, imisambi, walikuwa mapambo ya bustani za mahoteli na za wenye uwezo, mbawa zimekatwa wasiruke. Mwaka 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana, pamoja na serikali, aliwapa waliowafuga nafasi ya kujitokeza bila kuadhibiwa. Ndege walihesabiwa, wakapimwa afya. Wazima walipelekwa hifadhi ya Akagera, na wale ambao hawataruka tena wakapewa makazi ya kudumu Umusambi Village, Kigali. Sensa ya mwaka 2017 ilikuta korongo 487 nchini. Leo wamepita 1,000. Nalisifu jambo hili bila kusita.

Ila linanirudisha kwa watoto wanaolala kwenye baraza za maduka ya Gisenyi, tunaowaita mayibobo.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulipofurika na mvua kuua watu zaidi ya 130 nchini, mji huu ulionyesha moyo. Walionyang'anywa nyumba na maji huko Nyundo na Rugerero walipata turubai, unga, blanketi, hata nguo za watoto zilizopigwa pasi. Hatukumwuliza mtu kwa nini alijenga kando ya mto. Hata milima ya Gishwati, inakotoka Sebeya, tulijua ilivuliwa msitu wake, kwanza kwa malisho, kisha na waliorudi baada ya mwaka 1994 wakitafuta pa kuishi, na hakuna aliyewanyooshea kidole.

Mayibobo naye hana nyumba, lakini yeye tunamwuliza kila kitu: anavuta nini, kaiba nini, kwa nini hataki shule. Kisha mji ukitakiwa kupendeza, anazolewa na kupelekwa kituo cha muda. Serikali inasema vituo hivyo ni vya kurekebisha tabia. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2016 ilieleza watu kuzuiliwa bila mashtaka na kupigwa katika vituo kadhaa, kimoja kikiwa Mudende, hapa hapa wilayani kwetu Rubavu. Akitoka anarudi barazani, maana kilichomtoa kwao hakijaguswa: baba wa kambo, njaa, au mama aliyevuka mpaka asirudi.

Korongo alipotolewa hotelini, kuna aliyempima kwanza aone kama ataweza kuishi huko anakopelekwa. Mtoto tunampakia tu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, kazi yetu ya pamoja, tutakaa kikao kama kawaida. Tutajadili mtaro, mbuzi walioingia shambani kwa mtu, na usalama. Mayibobo watatajwa kwenye usalama. Mimi nitaomba watajwe mapema zaidi, kabla ya mtaro, na nitauliza kila nyumba kumi: ni mtoto gani wa kwenu hatujamwona tangu Krismasi? Najua watakaonuna. Wawili kati yao ni marafiki zangu.