Safari Ambazo Hazikuhesabiwa

Zoezi lilikuwa la darasani. Tulipewa mradi wa kubuni: makazi ya watu 40, wazee wasio na ndugu wa kuwatunza na watu wazima wenye ulemavu, kila mmoja na chumba chake, na wahudumu wachache wa zamu. Viwanja vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa Mikumi mjini, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Kingine kilikuwa nje kidogo ya mji wa Kilosa, mwisho wa njia ya udongo, mahali penye miembe na kimya. Kazi yetu ilikuwa kuandika tathmini ya usafiri: magari mangapi yataongezeka barabarani, geti litokee upande gani, gari la wagonjwa litaingiaje, kisha tupendekeze kiwanja kimoja.

Makazi yalikuwa ya kubuni, lakini barabara ni ya kweli. Kwa hiyo tulikwenda Mikumi kuhesabu.

Fomu ya kuhesabia magari ni karatasi yenye safu. Pikipiki, bajaji, gari dogo, Hiace, basi, lori, lori lenye tela. Kila chombo kinachopita unakichorea mstari, na baadaye mistari yote inageuzwa kuwa kipimo kimoja, gari dogo. Basi ni sawa na magari madogo kadhaa, lori lenye tela zaidi ya hapo, pikipiki ni sehemu tu ya gari. Mikumi hukosi kazi. Malori yanayopanda kwenda Tunduma na yanayoshuka na shaba ya Zambia na Kongo kuelekea bandari ya Dar es Salaam yanapita mchana na usiku, na katikati yake mabasi ya Mbeya, Iringa na Songea, na magari yanayochepuka kuelekea Ifakara au Kilosa.

Kabla ya saa sita akapita mzee mmoja kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Alikuwa anatembea nje kabisa ya lami, kwenye changarawe, amefunga mfuko wa sukari nyuma. Tulimwamkia, akaitikia bila kusimama, maana ukisimama kwenye changarawe kuanza tena ni kazi. Mwenzangu akashika kalamu akaniuliza, “Huyu tunamweka wapi?”

Safu yake haikuwapo. Tukamweka kwenye pikipiki, halafu tukamfuta kwa sababu si pikipiki. Mwishoni tukamwacha.

Jioni tulipopiga hesabu, jibu la kiwanja cha Mikumi lilikuwa jepesi. Watu 40 ambao wengi hawana magari wataongeza nini kwenye barabara kuu? Gari la chakula, zamu za wahudumu, daktari mara moja moja. Niliandika sentensi ambayo nadhani huandikwa kwenye taarifa nyingi za namna hii: mradi hautakuwa na athari kubwa kwa mwenendo wa usafiri. Ilikuwa kweli. Nilipoirudia usiku ndipo niliposhtuka. Tulikuwa tumepima kwa makini jinsi wazee watakavyoisumbua barabara, lakini hatukupima jinsi barabara itakavyowasumbua wazee.

Kuna jambo baya zaidi ndani ya hesabu hiyo. Kadiri wakazi watakavyotoka kidogo, ndivyo taarifa yetu inavyopendeza. Mzee asiyethubutu kuvuka barabara hasababishi foleni. Dada mwenye kiti cha magurudumu ambaye ameacha kwenda sokoni kwa sababu ya mtaro hahesabiwi popote. Kifungo kamili, ambamo hakuna anayetoka wala anayetembelewa, kingekuwa mradi wenye athari ndogo kuliko yote. Nadhani kipimo kinachotoa alama za juu kwa kifungo kina kasoro ya kimaadili, hata kama hesabu zake ni sahihi.

Mwaka 1979, katika mhadhara aliotoa Stanford, Amartya Sen aliuliza usawa ni usawa wa kitu gani. Hoja yake ilikuwa kwamba kugawa vitu sawasawa hakutoshi, kwa sababu watu hawawezi kuvigeuza vitu hivyo kuwa maisha kwa kiwango kilekile. Barabara ni mfano mzuri. Mimi na yule mzee wa baiskeli tuna barabara moja, imejengwa kwa kodi zetu wote, lakini mimi inanifikisha, yeye inamzuia. Kiswahili kinaweza kulisema jambo hili kwa neno moja tu likibadilika mwisho wake: kuna kufika, kuna kufikika, na kuna kufikiwa. Taarifa yetu ilizungumzia kufikika tu, yaani kama gari linaweza kuingia getini.

Tuchukue hesabu ndogo. Wahandisi wengi hukadiria kwamba mtu huvuka barabara kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2012 ulionyesha kwamba wastani wa watu wa miaka 65 na zaidi kule ni mita 0.9 kwa wanaume na 0.8 kwa wanawake. Barabara yenye upana wa mita 10 pamoja na mabega yake, mtu wa vitabuni anaivuka kwa sekunde 8 na kidogo. Bibi wa mita 0.8 anahitaji sekunde 12 na nusu. Lori linaloheshimu kikomo cha kilomita 50 kwa saa mjini linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Zile sekunde 4 za ziada ni zaidi ya mita 55 za lori. Na hilo ni lori lenye adabu.

Mtu anaweza kusema barabara kuu ni barabara kuu, haiwezi kusimama kwa ajili ya kila mtu. Mikumi ndiyo mahali pabaya kabisa pa kutoa hoja hiyo. Barabara hiihii, kabla ya kufika mjini kutoka Morogoro, inapita kilomita 50 hivi ndani ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Humo imewekewa matuta, mabango ya kikomo cha mwendo, na mabango yanayoorodhesha faini ya kumgonga kila mnyama, mmoja mmoja, kwa dola. Dereva wa lori la tani 30 anapunguza mwendo kwa ajili ya nyani.

Sisemi hivyo ili kumlinganisha bibi na twiga. Ulinganisho huo ni rahisi mno na hauwatendei haki wote wawili. Nasema hivi: hakuna aliyemuuliza twiga anazalisha safari ngapi saa za msongamano. Tulikubali kwamba yeye alikuwapo, kwamba njia yake inakatiza hapo, na kwamba mwenye haraka ndiye anayepaswa kubadilika. Kwa hiyo tunajua kufanya. Swali ni nani tunamwona kuwa ana njia inayokatiza hapo.

Mwenzangu alipendekeza Kilosa. Hoja yake haikuwa ya kijinga, nami nitaieleza vizuri kadiri niwezavyo. Alisema wajibu wa kwanza kwa mtu dhaifu ni kutomweka kwenye hatari. Ukijua kwamba bibi anahitaji sekunde 12 na lori halimpi, halafu ukamjengea chumba kando ya lori hilo, umemfanyia nini? Kilosa kuna utulivu, kuna hospitali ya wilaya, kuna reli ya kati tangu enzi za Wajerumani na sasa kuna ya kisasa. Magari kwenye njia ile ya udongo unaweza kuyahesabu kwa vidole.

Nilimjibu kwanza kwa maji. Kilosa imekaa kando ya Mto Mkondoa, na mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliwatoa maelfu ya watu majumbani, yakang'oa reli, na familia zikakaa kwenye mahema. Njia ya udongo ambayo kiangazi haina magari, masika haina njia. Kwa mtu anayeweza kukimbia hiyo ni adha. Kwa mtu anayesubiri kubebwa ni swali la nani atakuja, kwa chombo gani, na kama bodaboda itapita kwenye tope hilo ikiwa na mgonjwa katikati ya watu wawili.

Halafu nilimjibu kwa bibi yangu, jambo ambalo sikupanga kulisema mbele ya wanakikundi.

Bibi mzaa mama aliishi Kilosa. Alikuwa anakwenda sokoni kila asubuhi, hata siku ambayo hakuwa na cha kununua. Siku moja bodaboda ikamgusa, akaanguka, akavunjika mkono. Mkono ulipopona tukakaa kikao, wajomba, mama na sisi wajukuu tuliokuwa na umri wa kusikilizwa, tukaamua kwamba asitoke tena. Kila kitu angeletewa. Tulifanya hivyo kwa upendo na kwa uaminifu: sukari haikuwahi kuisha nyumbani kwake. Aliishi miaka mitatu zaidi na hakugongwa tena. Katika miaka hiyo aliacha kuuliza habari za watu kwa majina. Alikuwa anauliza tu, “Huko nje wapo?” Tulimjibu wapo. Hakuna kati yetu aliyemuuliza kama alikuwa tayari kuibeba hatari ile ili aendelee kuwaona mwenyewe.

Huwa tunasema penye wazee haliharibiki neno. Lakini neno la mzee haliwezi kulinda chochote ikiwa tumemweka mahali ambapo maneno hayafiki. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inatambua kwamba mahali pa kwanza pa mzee ni katika familia, na makazi maalumu ni hatua ya mwisho. Maana yake ni kwamba anayeingia kwenye makazi hayo mara nyingi ameshapoteza waliokuwa wakija kumwona. Kwake yeye, kufikiwa si anasa. Jirani anayepita, mama anayeuza vitumbua getini, watoto wanaotoka shule, hao ndio ukoo uliobaki. Kiwanja kisicho na wapita njia kinamnyima hata huo.

Nchi yetu ina kumbukumbu ya jambo hili. Baadhi ya makazi ya wasiojiweza yalianza kama vijiji vya wagonjwa wa ukoma, na vijiji hivyo viliwekwa mbali kwa makusudi. Nunge, Kigamboni, ilikuwa ng'ambo ya maji, mahali ambapo mtu wa Dar es Salaam hakuwa na sababu ya kufika. Mwaka 2016 daraja lilifunguliwa na mji ukaendelea kuvuka. Wazee wa Nunge hawakuhama, ila umbali ulihama. Unapoona hivyo unaelewa kwamba umbali ule haukuwa jiografia peke yake. Kuna watu walioamua nani aonekane.

Kwa hiyo niliandika Mikumi. Sikuandika kwa furaha. Niliandika kwa masharti: jengo likae upande wa barabara uleule ulipo huduma za kila siku, ili kuvuka kuwe hiari na si lazima, geti litokee mtaani na si barabara kuu, jengo liwe nje ya hifadhi ya barabara, mita 30 kutoka katikati, kuwe na njia ya miguu isiyo na ngazi wala mtaro wazi, na kivuko kiwe na tuta kabla yake, kikipimwa kwa mita 0.8 na si 1.2. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatupa msingi wa kudai hayo. Nikaongeza ukurasa mmoja wenye kichwa “Safari zisizofanyika”, nikaorodhesha safari ambazo mtu wa kawaida hufanya kwa wiki, sokoni, kanisani au msikitini, msibani, kwa fundi cherehani, kuzungumza tu, na nikauliza ni zipi kati yake mkazi wa kila kiwanja angeweza kuzifanya bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mwalimu wetu aliusoma ukurasa huo, akasema ni mzuri lakini haupimiki. Huenda yuko sahihi. Akaniuliza pia swali ambalo bado ninalo: kama makazi hayo yangekuwa ya kweli, na mwaka wa pili mkazi mmoja akagongwa kwenye kivuko nilichokipendekeza, ningesimama mbele ya wenzake niseme nini?

Nisingekuwa na la kujitetea. Ningesema nilijua hatari ipo. Ningesema pia kwamba kule kwingine hatari ilikuwapo, ila ilikuwa ya aina isiyoitiwa trafiki. Kisha ningewauliza wao wangechagua wapi, swali ambalo kwenye zoezi lile halikuwa na wa kulijibu, na ambalo kwa bibi yangu lilikuwa na wa kulijibu nasi hatukuliuliza.

Fomu za siku ile ninazo. Kwenye ukurasa wa saa tano hadi saa sita, pembezoni, kuna alama ya kalamu iliyofutwa. Nimeongeza safu pale, nikachora mstari mmoja.