Mshahara wa Mama Yake Musa

Katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet nchini Kenya, kinachochumwa hupimwa. Mchumaji anashusha mzigo wake kituoni, karani anasoma mizani, kilo zinaandikwa, na mwisho wa mwezi kilo hizo ndizo zinazozungumza. Mama anayetoka alfajiri kwenda kuchuma humwachia jirani mtoto wake. Jirani huyo huanza na wawili sebuleni, na mvua ikishika, majani yakachipuka kwa fujo, hujikuta ana saba au wanane. Hapo ndipo anapotafuta msaidizi, na mazungumzo mengi huanzia kwenye bei na kuishia hapo hapo. Lakini lipo swali lililotangulia bei: mtu aliyekabidhiwa mtoto anaweza kumkabidhi mtoto huyo kwa mwingine kwa ujira, na amana ikabaki amana? Naamini inawezekana, mradi mlezi akubali kwamba siku anapomwajiri msaidizi hajapunguza mzigo wa dhamana. Ameongeza wa pili, kwa kuwa msaidizi naye ni mtoto wa mtu aliyekabidhiwa kwake.

Wapo wanaoona kwamba mapenzi yakilipiwa si mapenzi tena. Wakristo, ambao ndio wengi huku, watakutajia sura ya kumi ya Injili ya Yohana, pale mtu wa mshahara anapomwona mbwa mwitu na kutimua mbio. Tukiisoma kwa utulivu, mtu yule halaumiwi kwa kupokea mshahara. Analaumiwa kwa kutowajali kondoo, na sura hiyo hiyo inaeleza kwamba kondoo huwajua wachungaji kwa sauti na huitwa kila mmoja kwa jina lake. Sauti haijulikani kwa wiki moja. Mlezi anayebadilisha wasaidizi kila miezi miwili, kwa sababu halipi au analipa kwa ahadi, anawatengeneza kwa mkono wake wale wakimbizi wa mfano ule, kisha analalamika kwamba wasichana wa siku hizi hawana utu. Tena Biblia ina kisa kingine kinachogusa jambo hili kwa karibu zaidi, nacho hakitajwi sana mimbarini. Binti Farao anamwokoa mtoto Musa mtoni, dada wa mtoto anamletea mwanamke wa kumnyonyesha, na mwanamke huyo, ambaye ndiye mama mzazi, Yokebedi, anaahidiwa ujira kwa kumlea mwanawe mwenyewe. Sijasikia mhubiri akidai kwamba upendo wa Yokebedi ulipungua kwa malipo yale. Waislamu nao wanaye Halima wa Banu Saad, mnyonyeshaji wa Mtume, ambaye wanawake wa kabila lake walikuwa wakija Makka kutafuta watoto wa kunyonyesha kwa malipo. Na Kurani, katika Al-Baqara na At-Talaq, inataka wanyonyeshaji wapewe haki yao kwa wema. Aibu, kwa dini zote mbili, iko kwenye ujira uliozuiwa. Torati haikuruhusu hata mshahara wa kibarua ulale kwa mwajiri usiku mmoja.

Pingamizi lililo zito kuliko hilo linatoka nyumbani. Wakipsigis wa huku wana neno cheplakwet, msichana mdogo anayemshika mtoto wakati mama yuko shambani. Sara Harkness na Charles Super, watafiti walioishi miaka ya 1970 katika jamii ya Wakipsigis waliyoiita Kokwet, waliandika mengi juu ya malezi hayo na namna watoto wakubwa walivyobeba wajibu wa wadogo. Kwa nini basi msichana wa leo adai shilingi kwa kazi ambayo nyanya yake aliifanya bure? Jibu langu ni kwamba nyanya hakuifanya bure. Alimbeba ndugu yake wa damu, akala chungu kimoja naye, na kichanga kile kilikuwa kije kuwa mjomba wa watoto wake. Kumtoa msichana kwenye mzunguko huo na kumweka sebuleni kwa mtu anayetoza ada ni kuchukua kazi ya zamani na kuyaacha nyuma malipo yake ya zamani. Halafu kuna umri. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 13, na kwa wa miaka 13 hadi 16 inaruhusu kazi nyepesi isiyomtoa shuleni. Watoto saba tangu alfajiri hadi jioni, wawili wakiharisha, si kazi nyepesi kwa kipimo cha mtu yeyote aliyewahi kuifanya.

Turudi kwenye mizani, maana tofauti yote iko hapo. Mchumaji mwenye kinyongo bado anaweza kujaza kikapu, na kilo zake zitakuwa kilo. Msaidizi mwenye kinyongo atawaogesha watoto, atawalisha uji, atawalaza, na jioni kila mama atampokea wake akiwa msafi, huku kile kilichokuwa kikiuzwa, yaani jicho lililo macho na moyo uliotulia, hakikuwepo mchana kutwa. Usimamizi hauwezi kukileta, kwa sababu mlezi ameajiri msaidizi ili yeye apate kwenda sokoni au kwenye foleni ya zahanati. Anachonunua ni uaminifu wa saa ambazo hakuna anayeona. Na saa hizo zina upande wa pili. Februari 2023 BBC ilionyesha filamu juu ya wanawake wa mashamba ya chai ya Kericho waliolazimishwa ngono na wasimamizi ili wapate au wasipoteze kazi, na wengi walishtuka kwamba hayo yalitendeka katika mashamba makubwa yenye ofisi na kanuni. Sebule haina ofisi. Msichana anayelala kwa mwajiri wake, mumewe mwajiri akiwemo na wanawe wakubwa wakiwemo, ana mashahidi wachache kuliko mchumaji yeyote. Mlezi anayeuliza kama msaidizi huyu ni salama kwa watoto ameuliza sawasawa. Inabaki aulize kama nyumba yake ni salama kwa msaidizi.

Litakuja sasa suala la fedha, na si la kupuuzwa. Mama analipwa kwa kilo, kiangazi kilo zinashuka, ada inachelewa, mlezi atoe wapi mshahara? Wengine hujibu kwa neno huduma: kazi hii ni wito, msaidizi amtumikie Mungu. Wito ni wa aliyeitwa; huwezi kuupokea kwa niaba ya mwenzako kisha ukamkata mshahara kwa ajili yake. Amri ya Sabato yenyewe inawataja watumishi wa kiume na wa kike pamoja na mwenye nyumba, na sheria ya Kenya inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko kila siku saba, iwe Jumapili ya kanisani au nyingine. Ikiwa ada ya watoto wanane haitoshi kumlipa mtu wa pili, basi ada ipande au wapokewe wanne. Umaskini unaweza kupunguza idadi ya watoto mlangoni. Hauwezi kuhamisha gharama yao hadi mgongoni mwa msichana asiye na pa kwenda.

Na akina mama waambiwe kwamba kuna msaidizi. Wanazuoni wengi wa fiqhi ya Kiislamu, wanapojadili mali iliyowekwa amana, husema mwekewa akiikabidhi kwa mwingine bila idhini wala dharura, hasara ni juu yake. Ikiwa hivyo ndivyo kwa gunia la nafaka, mama ana haki ya kumjua kwa jina na kwa sura atakayekuwa na mwanawe saa nne asubuhi. Msaidizi naye ana haki ya kujua atalipwa nini kabla hajafunga mtoto wa kwanza mgongoni. Kitabu cha Kutoka hakisemi mshahara wa Yokebedi ulikuwa kiasi gani, lakini binti Farao aliutaja kwanza, ndipo mwanamke akamchukua mtoto.