Mfupa Uliogeuka Jiwe ni wa Nani?

Mwaka 1990, huko South Dakota, Marekani, Sue Hendrickson, aliyekuwa na kikosi cha kampuni ya visukuku ya Black Hills Institute, aliona mifupa imechomoza kwenye mwamba. Ilikuwa ya Tyrannosaurus rex, mnyama wa miaka milioni 67 iliyopita. Kampuni ilimpa mwenye ardhi, Maurice Williams, dola 5,000. Lakini Williams alikuwa wa jamii ya Sioux, na ardhi yake ilikuwa chini ya udhamini wa serikali, haiuziki bila kibali. Je, mifupa ni ardhi? Mahakama ya rufaa ikajibu: ndiyo, imekuwa sehemu ya ardhi kama mwamba mwingine wowote. Mauziano yakabatilika. Mwaka 1997 Makumbusho ya Field ya Chicago yaliinunua mnadani kwa zaidi ya dola milioni 8.

Hukumu hiyo naiheshimu, maana udhamini uliwekwa kuwalinda watu waliokwisha kunyang'anywa mengi. Hoja yake ndiyo inayonisumbua. Ikiwa mfupa ni mwamba tu, mbona mwamba wa jirani haukupigwa mnada? Kuna jicho lililoutambua na mikono iliyoufukua. Mwanafalsafa John Locke alishikilia kwamba kitu cha asili huwa mali ya yule aliyekichanganya na jasho lake.

Basi hoja hizi mbili, ya ardhi na ya jasho, tuzipeleke Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya 1909 na 1913, vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vikiwa vimezimwa miaka michache tu nyuma, msafara wa makumbusho ya Berlin ulichimba huko zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria. Utawala wa Kijerumani ulilitangaza eneo hilo kuwa ardhi ya serikali. Mamia ya Waafrika walichimba, na wapagazi wakabeba mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, alikuwa fundi hodari wa kazi hiyo. Mwaka 2007 dinosaria mmoja alipewa jina lake, Australodocus bohetii.

Mtetezi wa Berlin atasema walilipwa ujira, na Locke mwenyewe anakubali kwamba alichokata mtumishi ni cha bwana wake. Hapo ndipo namkataa Locke. Ujira hununua nguvu za siku. Sioni unavyoweza kununua kilichofukuliwa, tena katika nchi iliyotekwa, ambako mchimbaji hakuwa na pa kukataa.

Wataalamu wa Berlin nao walitoa jasho: waliisafisha mifupa, wakaiunganisha, wakaitunza hadi leo. Jasho hilo linawapa haki ya kusikilizwa. Haliwapi umiliki peke yao, kwa kuwa likiwapa wao, litampa Boheti kwanza. Kinachobaki kushikilia umiliki huo ni tangazo la ardhi la mkoloni, na hilo ndilo ningetaka jaji alipime.