Pweza Hachinjwi, Lakini Je, Hana Haki?

Kwetu Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado, wakati wa bamvua maji hutoka mbali sana, na wanawake hushuka mwambani kutafuta pweza. Nikiwa mdogo nilimfuata bibi yangu nikimbebea kapu. Siku moja nilimtia pweza kapuni akiwa mzima, nikaenda kucheza. Bibi alinigombeza: "Mjukuu wangu, umemwacha anateseka?" Nikamjibu nilichosikia madrasa, kwamba wa baharini hachinjwi. Hakubishana. Alimtoa akamdunga katikati ya macho kwa ncha ya chuma.

Nilidhani nimeshinda. Sasa nasoma fiqhi chuoni na sina uhakika tena.

Tuanze na mbuzi. Moyo wake una vyumba vinne. Upande wa kulia hupeleka damu mapafuni ikachukue hewa, kisha hurudi upande wa kushoto unaoisukuma mwili mzima, hadi ubongoni. (Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, aliandika kwamba damu hupitia mapafuni, haipenyi ukuta wa moyo kama Galen alivyodai. Alikuwa tabibu, na pia mwanazuoni wa Kishafii, jambo ambalo wenzetu wa sayansi hupenda kulisahau.) Ikikatwa mishipa mikubwa ya shingoni, damu haifiki tena ubongoni ipasavyo na mnyama hupoteza fahamu upesi.

Lakini fungua Minhaj ya Imam Nawawi. Katika madhehebu yetu kilicho wajibu ni kukata koo la hewa na umio. Ile mishipa miwili ya damu ni sunna. Mchinjo unaswihi bila hiyo! Kwa nini basi ikatwe? Ili roho itoke kwa wepesi. Uhalali umeshapatikana kwingine. Kwenye njia ya damu imewekwa ihsani.

Samaki ni halali hata akiwa mfu. Moyo wake una vyumba viwili tu, na damu hupita kwenye matamvua kwanza, kisha mwilini. Akitolewa majini matamvua hushikamana. Moyo unaendelea kupiga, damu inaendelea kuzunguka, ila haina hewa ya kubeba. Ndiko kule kutapatapa tunakokutazama ufukweni bila kujali. Mafakihi wa Kishafii hawakulifumbia macho jambo hili: samaki mkubwa anayekawia kufa, walisema yapendeza achinjwe ili apumzishwe.

Na pweza? Ana mioyo mitatu. Miwili husukuma damu kwenye matamvua, wa tatu huipeleka mwilini. Damu yake hubeba hewa kwa shaba, si kwa chuma kama yetu, ndiyo maana ni ya buluu. Neva zake nyingi zimo mikononi, hivyo hata akishakufa mikono hujisokota. Usimpime kwa mikono. Ubongo uko katikati ya macho, pale pale bibi alipodunga. Mimi namkisia pweza kwa yule samaki mkubwa.

Rafiki yangu mmoja wa darasani ananiambia naongeza sharia. Hapana. Aliyekufa kapuni nitamla na kupiga bismillahi. Ila swali la kama ni halali kumla halijibu swali la nilimfanyia nini alipokuwa hai.

Huenda msomaji anaona ni mambo madogo. Sisi wa Palma, Machi 2021, tulivamiwa na watu waliomtaja Allah huku wakiwachinja binadamu. Wapo jamaa zangu ambao tangu hapo hawawezi kutazama mbuzi wa Idi akilazwa. Kwa hiyo ile Hadithi ya Shaddad bin Aws, inayoamrisha ihsani katika kila kitu, kunoa kisu na kumpumzisha mnyama, siwezi kuisoma kama swali la mtihani. Wale nao walikuwa na visu vikali.

Bibi sasa anaishi kwa ndugu mjini Pemba, mbali na mwamba wake. Nilimpigia simu kumweleza habari za Nawawi na mioyo mitatu, akacheka. Akaniuliza kama huku chuoni tunapata pweza, na kama wanaowavua huwadunga kwanza. Nikamwambia huku huja wameshagandishwa kwa barafu.

"Basi hujui," akasema.