Amri Ilikuwepo, Nyumba Zikaungua

London haikuungua mwaka 1666 kwa kukosa sheria. Karne hiyo ikianza, Mfalme James wa Kwanza alikwisha kuamuru nyumba za mjini zijengwe kwa matofali upande wa mbele. Lakini kujenga kwa mbao kulikuwa rahisi, tena mwenye nyumba akitokeza ghorofa ya juu mbele ya ile ya chini, alijipatia nafasi ya bure juu ya njia ya watu wote. Mvunja amri mara nyingi alitozwa faini, nyumba ikabaki palepale. Vichochoroni, madirisha ya majirani yakakaribia kugusana.

Usiku wa kuamkia Jumapili, 2 Septemba, moto ukazuka kwa mwoka mikate wa Pudding Lane. Meya, Thomas Bloodworth, aliombwa zibomolewe nyumba za jirani ili moto ukatiwe njia. Akasita: nani atawalipa wenyewe? Akaudharau moto, akarudi nyumbani kulala. Baada ya siku chache, nyumba 13,200 na makanisa 87 yalikuwa yameteketea. Bei ya zile chache alizozionea huruma haitajwi tena na mtu.

Sheria ya 1667 haikumwachia mwenye nyumba hiari. Ukuta wa nje uwe wa tofali au jiwe, unene wake ukatajwa, ghorofa zikakatazwa kutokeza, na wapimaji wakawekwa, Robert Hooke akiwa mmoja wao. Hata hivyo mbao zilibaki pembenipembeni. Mwaka 1707 yakapigwa marufuku mapambo ya mbao chini ya ukingo wa paa. Mwaka 1709 fremu za madirisha zikaamriwa zirudishwe ndani inchi 4 kutoka uso wa ukuta, ili ulimi wa moto unaopanda ukutani ukutane na tofali kwanza. Inchi 4 tu, lakini hizo fundi anaweza kupimiwa kwa rula.

Mbao zilirudi baadaye kwa jina la urembo. Jumapili ya 9 Juni 2019, huko Barking, mashariki mwa London, moto ulikwea jengo la ghorofa kupitia roshani zake za mbao, ukateketeza nyumba 20. Hakuna aliyekufa. Miezi sita kabla, kufuatia vifo 72 katika moto wa jengo la ghorofa la Grenfell, serikali ilikuwa imepiga marufuku vifaa vinavyoungua kwenye kuta za nje za makazi marefu, roshani zikiwemo. Marufuku hiyo ilihusu majengo mapya, yenye urefu wa kuanzia mita 18. Roshani za Barking zilikuwa zimekwisha kupigiliwa.