Picha ya Yesu ni ya nani?



Nyumbani kwetu Issuna, juu ya kabati la vyombo, kuna picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu ambayo si yetu. Bibi mmoja wa jumuiya alituletea siku baba alipozidiwa, akasema ikae naye mpaka apone. Baba akapona. Bibi akafariki kabla hatujairudisha. Mwaka jana mjukuu wake alikuja kuuliza kama tunajua ilipo picha ya bibi yake. Nilikuwa peke yangu, nimesimama mlangoni. Nikamjibu, "Hatujaiona." Picha ilikuwa nyuma ya mgongo wangu, hatua nne tu.

Siku hiyo ilinirudia nilipokuwa nasoma habari za picha nyingine ya Yesu, ya Ethiopia. Inaitwa Kwer'ata Re'esu, yaani kupigwa kichwa chake, pale askari walipompiga Bwana kichwani kwa mwanzi (Mt 27:30). Ni picha ndogo, mtu anaweza kuibeba kwapani: Yesu amevikwa taji la miiba. Wafalme wa kule walikwenda nayo vitani, na watu walikula kiapo mbele yake. Mwaka 1744 jeshi la Sennar, huko Sudani, liliiteka, na Wahabeshi wakatoa dhahabu kuikomboa. Picha ilikombolewa kama vile mtu anavyokombolewa!

Aprili 1868 Waingereza waliivamia ngome ya Maqdala. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 13, Mfalme Tewodros wa Pili alijiua ili asishikwe akiwa hai. Picha ilikuwa imetundikwa juu ya kitanda chake. Richard Holmes, mtumishi wa British Museum aliyefuatana na jeshi, akaichukua. Unaweza kudhani aliipeleka makumbusho. Wapi! Alikaa nayo mwenyewe. Mwaka 1870 akawa mkutubi wa Malkia Victoria kule Windsor.

Mwaka 1872 Mfalme Yohannes wa Nne alimwandikia Malkia akiomba vitu viwili virudi: kitabu cha Kebra Nagast, na picha hii. Kitabu kilirudishwa. Kuhusu picha, alijibiwa kwamba haionekani popote na haidhaniwi kuwa iliwahi kufika Uingereza. Kumbe alikuwa nayo mkutubi wa Malkia mwenyewe! Sisemi Malkia alijua. Lakini Holmes alijua, na ilikuja kujulikana mwaka 1890 kwamba anayo.

"Hatujaiona." Nilipofika hapo nikaweka simu chini.

Baada ya Holmes kufa, picha iliuzwa kwenye mnada wa Christie's, London, mwaka 1917. Ikauzwa tena 1950, na aliyeinunua ni Mreno, mwanahistoria wa sanaa aitwaye Luiz Reis-Santos, akaenda nayo Ureno. Hapa ndipo swali linapokuwa gumu. Huyu hakuvamia ngome ya mtu. Alilipa pesa yake halali, na aliipenda picha. Tena wataalamu wanasema ilichorwa Ulaya, karibu mwaka 1520. Wanabishana tu kama mchoraji alikuwa Mflemi au Mreno. Basi mtu anaweza kusema: kama mkono ulioichora ni wa Ulaya, si imerudi kwao?

Mimi nakataa. Rozari ya marehemu nyanya yangu ilitoka kiwandani, nadhani China. Hakuna mtu hapa Issuna atakayesema ni ya Wachina. Alisali nayo miaka mingi ya ukame na ya mavuno, mpaka shanga zikawa laini kama mbegu za alizeti. Kujua jina la mchoraji ni elimu nzuri, lakini haikuambii nani alipiga magoti mbele ya picha kwa vizazi vingi.

Kuhusu mnunuzi mwema, nakiri namwonea huruma. Ila Katekisimu, namba 2412, inadai kilichoibwa kirudishwe kwa mwenyewe, na inawagusa pia walionufaika nacho huku wakijua. Baba Mtakatifu Fransisko, mwaka 2023, Vatikani ilipowarudishia Wagiriki vipande vitatu vya Parthenoni, aliwaambia waandishi ndani ya ndege kwamba jambo hili ni amri ya saba: ukiiba, rudisha. Hata Zakayo hakungoja kuandikiwa barua.

Wengine wananiambia Yesu ni wa wote, kwa hiyo picha yake inaweza kukaa popote. Yesu ni wa wote, sawa. Lakini mbona wanaosema hivyo ni sisi tuliokaa nayo? Yule mjukuu hakuja kumtafuta Yesu kwetu. Alikuja kutafuta kitu ambacho bibi yake alikitazama kila asubuhi.

Nimekwenda kuungama. Padre hakunigombeza sana. Aliniuliza tu picha iko wapi sasa, nikasema bado iko kwetu, akanyamaza kidogo.

Mjukuu anafanya kazi Manyoni, namba yake nimeipata. Jana usiku nilimweleza mama kila kitu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Akauliza, "Sasa baba yako akiumwa tena?" Sikuwa na jibu. Asubuhi nikakuta ameishusha kutoka kabatini, ameifuta vumbi, ameifunga kwenye kanga yake ya Jumapili na kuiweka mezani karibu na mlango.