Kilio cha Usiku

Mwaka 1894 daktari wa Marekani, Luther Emmett Holt, alichapisha kitabu cha malezi kilichoshauri mtoto aachwe alie mpaka anyamaze mwenyewe. Wapo wanaoufuata ushauri huo hadi leo, nami siwalaumu. Uchovu wa mzazi ni mzigo wa kweli. Lakini mtoto wa miezi mitatu hajajua hila wala kudeka. Kilio ndiyo lugha yake. Akinyamaza kwa kukosa wa kumjibu, huenda hakujifunza kulala, bali amejifunza kwamba haitikiwi. Naona heri kuzima taa saa ile ile kila usiku, kumpapasa mgongo na kumwimbia kwa sauti ya chini. Tunataka kesho atuitikie tumwitapo. Asiyeitikiwa ataitikaje?